Chambo cha Mama

Kazi yangu ni kuona kinyaa kwa niaba ya watu wengine. Naingia kwenye majiko ya migahawa, nainua mazulia ya plastiki, nanusa mafuta ya kukaangia, namulika tochi nyuma ya majokofu, na nikikuta mende wanafanya harusi kwenye gunia la unga natoa kalamu, nafunga mahali hapo. Wapishi wananiita Bi Pua. Wameniita hivyo miaka kumi na minne sasa, na jina nimelipokea kwa mikono miwili. Mtu asiyeona kinyaa simwamini hata kwa glasi ya maji.

Ndiyo maana watu walishangaa nilipoolewa na fundi bomba. Siku ya kwanza nilimkuta katika jiko la hoteli moja, kalala kifudifudi sakafuni, mkono wa kulia umezama hadi kwapani kwenye shimo la maji machafu, anavuta kitu. Kilipotoka kilikuwa bonge la mafuta yaliyoganda, la kijivu, limeota nywele, ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Mimi nilikimbilia mlangoni. Yeye alilinyanyua kwenye mwanga akalitazama kama mtu aliyepewa zawadi, akaniambia, "Dada, hili lina umri mkubwa kuliko hoteli yenyewe." Nilicheka huku nimeziba pua. Mwaka uliofuata tulioana, kwa sharti kwamba haingii sebuleni kabla ya kuoga.

Uvuvi hakuniambia. Huo niliukuta ndani ya ndoa. Nje kidogo ya mji kuna kiwanda cha matofali kilichokufa zamani, na mashimo yaliyochimbwa udongo yamejaa maji. Humo mna perege na kambale. Kila Jumamosi alikwenda huko, na watoto walipokua kidogo akawa anakwenda nao. Kifungua mimba wetu ni msichana wa miaka kumi na mmoja, tunamwita Wakili kwa sababu hakubali kitu bila kusomewa vifungu. Kitinda mimba ana miaka minane, mfupi wa mviringo, jina lake la nyumbani ni Kidonge.

Chambo chao kilikuwa utumbo wa kuku. Baba mtu aliuweka kwenye kopo, akalifunika bati, akalipandisha juu ya paa la bafu na kuliacha jua lifanye kazi siku tatu. Alisema kambale hataki kitu kibichi. Watoto walikuwa wanapanda ngazi kila jioni kuangalia utumbo umefikia rangi gani, halafu wanakuja kunisimulia nikiwa nakula. Jumamosi jioni walirudi wote watatu wananuka mtaro, magamba kwenye nywele, wanagombania nani kavuta yupi. Mimi nilikuwa nawangoja mlango wa nyuma na beseni la maji ya sabuni, na hakuna aliyekanyaga ndani na nguo zile. Niligomba kila Jumamosi bila kukosa. Leo najua nilikuwa nagomba kwa raha zangu.

Kisha, miezi tisa iliyopita, kiharusi kilimkuta chini ya sinki la watu.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu hospitalini. Mkono wa kulia ulining'inia. Mdomo ulikuwa umevutwa chini upande huo huo, maneno yakitoka mazito kama ana uji mdomoni, na udenda ulikuwa haukauki. Uliteremka kidevuni, ukaingia kwenye kola, ukalowesha mto. Akila, nusu ya chakula kilirudi kimesagika na kukaa pembeni mwa mdomo bila yeye kujua. Nilimwogesha, nikamlisha, nikambadilisha. Kwa hilo hakuna wa kuninyooshea kidole.

Kila Jumanne alikuja dada wa mazoezi ya viungo. Alimpa mpira mdogo wa kuminya, Baba watoto akautupa. Akampa mwingine, ukatupwa. Dada wa watu, kwa subira yake, akamwuliza basi yeye anataka kuufanyia nini mkono huo ukipona. Akajibu neno moja, kuvua. Na nani? Na wanangu. Jioni hiyo alitoa vifaa vyake vya kuvulia akaanza kuzungusha mshipi kwenye kibao kwa mkono ule uliokufa, akiusukuma kwa ule mzima, saa nzima, jasho linamtoka. Mimi jikoni nilikuwa nalia na kukata vitunguu ili nipate kisingizio.

Jumamosi akawaalika watoto. Wakili akasema ana kazi ya shule. Kidonge akasema tumbo. Jumamosi ya pili tumbo likahamia kwa Wakili, kazi ya shule ikahamia kwa Kidonge. Ya tatu wote wawili waliumwa tumbo. Baba mtu akarudisha fito zake za kuvulia juu ya kabati, na mpira wa kuminya ukabingirika chini ya kitanda ukajaa vumbi. Dada wa mazoezi aliniita barazani akaniambia waziwazi kwamba mkono usiposhtuliwa ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi ndiyo basi tena, na yeye hawezi kumfanyisha mazoezi mtu asiyetaka. Tulikuwa tumebakiza miezi mitatu.

Nikajipa kazi ya kurudisha hamu ya watoto, na nilianza kwa kukosea njia ninayoijua mimi. Nilidhani wamekua, wameanza kuona uchafu ni uchafu. Nikafurahi hata, nikasema hatimaye wamenifuata mama yao. Nikanunua fito mpya za rangi, glavu, viti vya kukunja, pakiti ya vitambaa vyenye dawa, na kwa chambo nikakanda unga na vanila. Nikaahidi aiskrimu. Waliikubali aiskrimu.

Tulifika kwenye mashimo wakafungua viti vyao hatua kumi kutoka kwa baba yao. Nilizihesabu. Yeye alikaa juu ya tofali peke yake, kapendeza, kofia yake ya zamani kichwani. Unga wa vanila uliyeyuka kila ulipogusa maji. Mshipi wa Kidonge ukajifunga fundo, baba yake akamwonyesha kwa kichwa aulete. Akalifungua fundo kwa mkono wa kushoto na meno. Udenda ukateremka kwenye mshipi, mrefu, unang'aa juani, ukafika hadi kwenye kishikio. Akamrudishia mwanawe ufito, na nusu ya uso wake ikitabasamu.

Kidonge aliushika kwa vidole viwili. Akaenda nao pembeni, akauweka kwenye majani polepole, akafungua pakiti ya vitambaa. Alijifuta na kimoja, akachukua cha pili, akachukua cha tatu. Alimaliza pakiti. Baba yake alikuwa anamwangalia muda wote huo, kisha akageuza macho kwenye maji na hakuyatoa tena hadi tulipoondoka.

Aiskrimu haikuliwa. Nilipofika nyumbani niliwasukumia wote wawili jikoni nikafunga mlango. Niliwauliza kama baba yao ni takataka, kama hawana haya, kama wamesahau nani aliwabeba mgongoni. Kidonge akaanza kulia. Wakili hakulia. Alifungua kabati la vyombo akasimama pembeni kama mtu anayeonyesha ushahidi.

Lazima nieleze kwamba nyumbani kwangu jiko linakwenda kwa rangi, kama kazini. Utepe wa kijani ni mboga, wa buluu ni samaki, mwekundu ni nyama mbichi. Watoto wangu walijua hayo kabla ya kujua kuhesabu. Chenye utepe mwekundu hakichanganywi na kingine, kinaoshwa peke yake, kinaoshwa mwisho. Na pale kwenye rafu ya chini kilikuwapo kikombe cha baba yao, sahani yake, kijiko chake, vyote vimefungwa utepe mwekundu. Nilivifunga mwenyewe wiki ile ile aliyorudi. Hata taulo lake nililishonea uzi mwekundu pembeni.

Nikasema niliweka ili vyombo vyake vijulikane.

"Vinajulikana, Mama," Wakili akasema. "Kikombe chake kina masikio mawili. Humu ndani nani mwingine ana kikombe cha masikio mawili?"

Nikakigeuza kikombe, utepe ukaelekea ukutani.

"Sisi tunafuata ulivyotufundisha," akasema.

Kidonge akafuta kamasi kwa mkono, akauliza kama ugonjwa wa Baba utawaambukiza. Nikamwambia hapana, kiharusi hakiambukizi, hata ukilala kitanda kimoja na mgonjwa. Akafikiri kidogo.

"Sasa wewe unaogopa nini?"

Nimewahi kufunga mgahawa wa mtu anayejuana na wakubwa wote wa mji huu, akanitukana mbele ya wateja wake, na sikukosa la kumjibu. Mtoto wa miaka minane alinifunga mdomo. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa naona kinyaa kwa mume wangu. Nilikuwa nachemsha kikombe chake mara mbili. Nilikuwa namfuta mdomo huku nimegeuza shingo naangalia dirisha. Mdomo ule ule niliowahi kuubusu ukitoka kwenye mitaro ya watu, leo ulinichefua kwa mate yake mwenyewe, na ningejidai mpaka siku ya kufa kwamba ni usafi. Watoto walikuwa mezani wanaona kila kitu. Nilijichukia pale jikoni, nikachukia na pua yangu.

Nikabandua utepe wote kwa kisu. Gundi ikabaki, na vumbi likaikimbilia hapo hapo. Nikawaeleza tena kwamba Baba si ugonjwa. Wakaitikia kwa kichwa kama wapishi wanavyoniitikia ninaposema nitarudi wiki ijayo kukagua.

Jumatano nilimwomba Baba watoto aandae chambo. Cha kweli, nikamwambia, cha paa la bafu. Nilidhani atakataa, lakini alijikongoja hadi kwa muuza kuku wa mtaani akarudi na mfuko unaovuja. Kopo nilipanda kuliweka mimi, yeye ngazi haiwezi tena. Siku tatu nyumba ilinuka. Alhamisi ilinuka kidogo, Ijumaa jirani akaniuliza kama nimefiwa na paka. Mimi, Bi Pua.

Jumamosi sikuahidi kitu. Niliwaambia watoto waingie kwenye gari, mwisho wa maneno.

Baba yao alikaa kwenye tofali lake, akafungua kopo katikati ya magoti. Utumbo ulikuwa umekuwa wa kijani, unatoa mapovu madogo madogo, na funza walikuwa wanapanda ukingoni na kuanguka tena ndani. Watoto walirudi nyuma. Alishika ndoana kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuchukua kipande cha utumbo kwa ule wa kulia. Vidole viligusa, vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza. Alihitaji mtu wa kumshikia tu, ili yeye achome ndoana. Hakumwita yeyote. Alikuwa ameinama juu ya kopo, udenda unadondokea humo humo, anajaribu mara ya tano.

Nikapandisha mkono wa gauni nikaingiza mkono wangu kwenye kopo.

Utumbo ulikuwa vuguvugu. Hilo ndilo sikulitegemea. Nilitegemea ubaridi, nikakuta uvuguvugu wa kitu kilicho hai, laini, kinateleza katikati ya vidole, na kitu kingine kidogo kikanitambaa kwenye ukucha kikitafuta pa kuingia. Nilikamata utumbo nikauinua. Ulirefuka. Ulikatika. Kilichokuwa ndani yake kilinimwagikia kiganjani, na harufu ikaja yenyewe yote kwa pamoja, mpaka nikaionja.

Nilipiga hatua mbili hadi ukingoni nikatapika majini. Nilitapika mayai, nikatapika mkate, nikatapika chai, nikashika magoti nikatapika mpaka nikabaki na nyongo. Nilipofungua macho, maji mbele yangu yalikuwa yanachemka. Perege walikuwa wametoka chini makumi kwa makumi, wadogo kwa wakubwa, wanagombania kifungua kinywa changu.

Kidonge akaja ukingoni akachuchumaa.

"Baba," Kidonge akasema kwa sauti ya mtu aliyeona muujiza, "wanakula matapishi ya Mama."

Baba mtu akaanza kucheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa miezi tisa, na kilitoka kibovu, upande mmoja, kwa mikwaruzo, udenda ukimwagika hadi tumboni. Alicheka mpaka tofali likayumba. Watoto walikuwa hawaangalii udenda wa mtu. Wakili alikuwa tayari amenyakua ufito anapiga kelele kwamba mahali ni hapa hapa, samaki wasije wakaondoka, chambo kiko wapi. Kidonge alinivuta gauni.

"Mama, tapika tena."

Nikamwambia yamekwisha. Wakili akatoa hoja kwamba mtu akijitia kidole inawezekana. Nikamwambia ajitie yeye. Hapo yakazuka mashindano, ambayo mimi sikuyabuni na nisingeyaruhusu kazini kwangu hata kwa kulipwa. Kila mmoja aingize mkono kwenye kopo achague utumbo wake, atakayetapika kashindwa, na mwamuzi ni Baba. Kidonge aliingiza hadi kwenye kiwiko. Alikunja uso, akaguna, akatoa utumbo na funza wawili, akamwonyesha baba yake usoni kabisa kuthibitisha kwamba hakutapika. Baba yake akachoma ndoana kwa mkono wa kushoto. Mikono yao ikachanganyikana na mate na uozo, na hakuna aliyeulizia kitambaa.

Kufikia adhuhuri wote wawili walikuwa wamemlalia baba yao. Kidonge alikuwa amekaa katikati ya miguu yake. Wakili alikuwa ameuchukua mkono wa kulia wa baba yake akaufunga kwenye ufito kidole kimoja kimoja, akaufunika kwa mikono yake miwili, anatoa amri. Shika, Baba. Usiniambie huwezi, shika. Ufito ukainama ghafla. Kilikuwa kitu kizito, kambale bila shaka, kikauvuta hadi ukakaribia kuchomoka, na Wakili kwa mshtuko akaachia.

Ufito haukuanguka. Vidole viwili, kile cha shahada na cha kati, vilikuwa vimeushika. Vilitetemeka, kucha zikawa nyeupe, lakini vilishika mpaka mkono wa kushoto ulipofika. Wakavuta wote watatu. Kambale alitoka na sharubu zake na tope lake, ute unamtiririka, mbaya wa sura kuliko kitu chochote nilichowahi kukifungia mgahawa, na watoto wakamkumbatia kwa zamu.

Wakamkimbiza kwenye shimo dogo la maji pembeni kumwangalia anavyopumua. Tukabaki mimi na baba yao. Nilikuwa nimeshanawa kwa sabuni, nikanawa tena, nikaja kukaa karibu naye. Nikamwambia vidole vimeshika, nimeviona kwa macho yangu, nitamwambia dada wa mazoezi Jumanne. Akatikisa kichwa. Alikuwa anatafuta maneno, na maneno sasa anayapata moja moja.

"Watoto," akasema, "nimewapata."

Nikasema ndiyo, na Jumamosi ijayo watakuwa wa kwanza kwenye gari.

"Nimebakiza mmoja."

Nikamwuliza nani, kama sijui. Aliendelea kuangalia maji.

Ndipo nikaona nilipokaa. Nilikuwa upande wake wa kushoto, ule mzima. Kitandani tulibadilishana nafasi wiki aliyotoka hospitali, nikasema nataka kuwa karibu na mlango. Kwenye kochi nakaa kushoto. Kwenye benchi la kliniki nakaa kushoto, hata kukiwa kumejaa nitasimama nikingoja nafasi ya kushoto. Miezi tisa nimeishi na nusu ya mume, na yeye ameihesabu miezi hiyo.

Nilisimama nikakusanya gauni, nikamzunguka kwa nyuma, nikakaa kulia. Nikasogea mpaka bega langu likaugusa mkono ule. Akageuka kunitazama, taratibu, na alipogeuka udenda ukamtoka ukanidondokea kwenye mkono, hapo juu ya kiwiko, mzito na wa moto, ukaanza kuteremka.

Kinyaa nilikiona, sitadanganya. Mkoba wangu wenye vitambaa na sabuni ulikuwa umebaki upande wa kushoto. Sikuufuata.